Tende Mbili: Mazungumzo ya Mkunguni Kuhusu Hiari

Mazungumzo haya niliyatoa usiku wa Alhamisi, baada ya Isha, uwanjani Mkunguni mbele ya Ngome ya Lamu. Jamaa wa Faza na Mokowe waliokosa boti waliniomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyokuwa, pamoja na punda.

Asalaam aleikum.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu. Na nyinyi vijana mliokaa ukingoni kule nyuma, mahali ambapo mtu akichoshwa anaondoka bila kuaga, karibuni pia. Nimewaona.

Nimepewa mada ya neno moja: hiari. Waliniambia, mwalimu, tueleze kama binadamu ana hiari. Nikawaambia, ngojeni, kuna swali linalotangulia hilo. Ukiniuliza kama nina mashua, nitakujibu ninayo au sina. Lakini ukiniuliza kama nina duara yenye pembe nne? Nikikujibu "sina" nitakuwa nimekudanganya kwa adabu, kana kwamba ipo dukani ila mimi sijainunua. Jibu la haki ni kukuuliza: unataka nini hasa? Basi usiku huu tuulize hivyo kuhusu hiari. Neno lenyewe linashikana, au ni duara yenye pembe?

Masheikh wetu wamekaa safu ya mbele, nami ni mwalimu wa hesabu mstaafu. Mambo ya itikadi ni yao. Nikiteleza, wanishike mkono.

Nimekuja na sahani. Wewe, mwanangu, mwenye kofia mpya, njoo hapa. Usiogope. Kuna tende mbili. Nimetafuta sana zilizofanana, nikamsumbua muuza duka mpaka akanikasirikia. Chukua moja.

Ahsante. Amechukua ya kulia. Sasa tuambie, kwa nini hiyo?

Mmemsikia? Amesema: "Basi tu."

Keti, mwanangu, na uile. Jibu lako limewashughulisha wanavyuoni karne nyingi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika habari ya mtu mwenye hamu ya tende, mbele yake tende mbili zisizo na tofauti, na hawezi kuchukua zote mbili. Wanafalsafa aliokuwa akibishana nao walishikilia kwamba pasipo na tofauti hapana cha kuusukuma uamuzi. Ghazali akasema atachukua, na kwamba hiyo ndiyo kazi ya kutaka: kutenga kitu na kinachofanana nacho. Baadaye, karne ya 14, kulikuwa na mwalimu Paris akiitwa Jean Buridan, na jina lake likaja kufungwa kwenye kisa cha punda aliyewekwa kati ya matita mawili ya majani yanayolingana, akashindwa kuchagua, akafa kwa njaa. Katika maandishi yake mwenyewe punda huyo hayumo, lakini jina limeshamganda.

(Hapo punda alilia nyuma ya Ngome, watu wakacheka, nikangoja amalize.)

Huyo naye ana neno. Nami namuunga mkono. Nimeishi na punda wa mji huu zaidi ya miaka sitini. Sijaona hata mmoja aliyekufa kwa kushindwa kuchagua. Waliokufa kwa mizigo, hao nimewaona.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo pagumu. Tuseme mtoto wetu angejibu, "Nimechukua hii kwa sababu imenona." Vyema. Lakini kupenda kilichonona alikupata wapi? Kwa ulimi wake, kwa njaa ya jioni, kwa mkono wa mama yake uliomlisha. Na hayo yalitoka wapi? Ukifuata nyuma, hatua kwa hatua, unafika siku ambayo mtoto mwenyewe hajazaliwa. Mambo ya siku hiyo yeye hakuyachagua. Basi upande mmoja una sababu, na mnyororo wake hauishii mkononi mwake.

Upande wa pili una "basi tu". Hapana sababu, imetokea. Je, hapo ndipo alipo huru? Sarafu ikirushwa ikaangukia kichwa, tutasema sarafu ina hiari?

Mwaka 1814 Mfaransa mmoja, Laplace, alisema kwamba akili ambayo ingejua mahali pa kila chembe na kila nguvu inayoisukuma, ingeuona wakati ujao kama inavyouona uliopita. Watu wakahuzunika. Karne iliyofuata wataalamu wa fizikia wakagundua kwamba vitu vidogo kabisa haviendi hivyo, kwamba kuna mambo yanayotokea kwa kubahatisha. Watu wakafurahi: hiari imerudi! Imerudi wapi? Mkono wangu ukiinuka kwa sababu chembe moja kichwani imeruka "basi tu", hicho si kitendo changu. Hicho ni kifafa.

Kwa hiyo nasema wazi, na mtakaonipinga mnipinge: anayetaka hiari isiyo na sababu nyuma yake, na wakati huohuo isiwe bahati nasibu, anatafuta duara yenye pembe nne. Sisemi tumenyimwa. Nasema hata tukipewa leo, hatutajua tumepewa nini.

Je, yameisha? Twende nyumbani? Mimi naona sasa ndiyo tunaanza.

Ugomvi huu ulikuja kwetu kwa bahari ileile iliyoleta tende. Wazee hapa wanakumbuka majahazi ya Basra yakiingia na kaskazi, tende zimeshindiliwa makandani. Huko Basra, katika karne za mwanzo za Uislamu, watu walikesha juu ya jambo hili. Kulikuwa na Makadiria waliosema mtu ndiye mwenye matendo yake. Kulikuwa na Majabaria, na katika wanaotajwa nao ni Jahm bin Safwan, wa mbali huko Khurasani, aliyeuawa mwaka 746, ambaye kwake kusema "fulani ametenda" ni kama kusema "jua limetua". Kisha akaja Ashari, mzaliwa wa Basra, akashika katikati: Mungu huumba kitendo, mja hukichuma. Hilo neno la kuchuma, kasbu, limewatoa jasho wanafunzi mpaka Waarabu wakawa na msemo kwa jambo lililofichika: limefichika kuliko kasbu ya Ashari. Masheikh wanatabasamu. Nawaachia.

Ninachotaka mimi ni kisa kimoja, mnakijua nyote. Sayyidna Umar alikuwa safarini kwenda Sham. Alipofika Sargh akaambiwa tauni imeingia huko. Akawaita Muhajirina, akawashauri. Wakahitilafiana. Akawaita Answari. Wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakawa na neno moja: rudi na watu. Akaamua kurudi. Abu Ubaida, mkuu wa majeshi huko Sham, akamwambia, "Tunaikimbia kadari ya Mungu?" Umar akasema laiti neno hilo angelisema mtu mwingine. "Ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu." Kisha akampigia mfano wa ngamia: ukishuka nao bondeni, upande mmoja una majani na mwingine mkavu, ukilisha kwenye majani umelisha kwa kadari, na ukilisha kwenye ukavu umelisha kwa kadari.

Mmeona alichokifanya? Hakuikana kadari hata kidogo. Lakini tazameni amepita wapi. Ameshauriana mara tatu. Amesikiliza. Amepima. Yote hayo, kule kushauri na kule kupima, yamo ndani ya kadari, si nje yake. Sisi hapa tuna methali: jitihada haiondoi kudura. Ni kweli. Lakini je, kuna aliyewahi kusikia methali inayosema kudura huondoa jitihada?

Mimi somo hili nililipata kwa njia ya aibu. Nilikuwa na miaka 16. Ami yangu alikuwa na mashua ya kuvulia, na usiku mmoja wa bamvua aliniachia niilinde: maji yakijaa niivute, yakipwa niilegeze kamba. Nililala. Nilipoamka mashua haipo. Tuliikuta asubuhi imejibana kwenye mikoko upande wa Manda, ubao mmoja wa ubavuni umepasuka.

Njia nzima nilikuwa nikitunga hotuba. Nilipofika mbele yake nikasema kwa sauti ya mtu mzima, "Ami, lililoandikwa halifutiki."

Hakunipiga. Hakunitukana. Alisema tu, "Njoo hapa." Akanipa nyundo, patasi butu, kifurushi cha pamba na kopo la sifa, yale mafuta ya samaki ya mashua, harufu yake ikanifika tumboni. Akaniambia: "Na kwamba utaitengeneza wewe, hilo pia limeandikwa. Mimi nakusomea tu."

Siku tatu nilipiga kalfati. Asiyewahi kuifanya kazi hii aulize watu wa Matondoni. Ubao ulibadilishwa na fundi, lakini maungio yote ya upande ule yalikuwa yangu. Pamba unaisokota iwe kama kamba nyembamba, unailowesha sifa, unaisukuma kwenye ufa kwa patasi, unapiga pole pole. Ukipiga kwa hasira ubao unatanuka, na ufa uliotaka kuuziba unaupanua. Siku ya kwanza nilipiga kwa hasira. Siku ya pili nikatoa pamba yote, nikaanza upya.

Ami hakuniambia kwamba mimi ndiye asili ya mambo yote. Usingizi wa kijana wa miaka 16 una sababu zake, na bamvua lina mwezi wake. Alichokataa ni kitu kimoja tu: kwamba kadari ilinizunguka ikapita kando. Ilipita ndani yangu, kwenye macho yangu niliyoyafumba. Na siku ya pili ilipita mkononi mwangu, nilipotoa ile pamba.

Sasa vijana wataniambia, mwalimu, hayo ni ya zamani, sayansi imeshamaliza. Mmoja alinionyesha kwenye simu. Haya, tuitazame, kwa haraka.

Mwaka 1983, huko California, Benjamin Libet alichapisha jaribio lake. Watu waliketi mbele ya saa ambayo nukta yake ilizunguka duara kwa sekunde 2.56. Waliambiwa wakunje kifundo cha mkono wakati wowote watakapojisikia, na wakumbuke nukta ilikuwa wapi walipojisikia. Kichwani walifungwa nyaya. Ikaonekana umeme wa ubongo ulianza kupanda yapata nusu sekunde kabla ya mkono kusogea, na mtu mwenyewe anasema alijisikia kutaka kama sehemu ya tano ya sekunde kabla. Yaani ubongo umetangulia, mwenyewe amekuja nyuma. Magazeti yakatangaza hiari imekufa. Libet mwenyewe hakuizika. Alisema inabaki nafasi ndogo ya mtu kujizuia. Na mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha kwamba ule umeme unaopanda unaweza kuwa ni mitikisiko ya kawaida ya ubongo inayojikusanya mpaka ivuke mstari, wala si amri iliyokwisha kutolewa.

Lakini mimi nina neno langu la mwalimu wa hesabu. Wale watu waliombwa kufanya nini? Kukunja mkono bila sababu yoyote, wakati wowote. Waliombwa "basi tu". Ni sahani yetu ya tende! Libet alipima wakati ambao mtu hana haja ya kufikiri, akakuta hafikiri. Angempima mama anayeamua kumuuza au kutomuuza mbuzi ili mtoto aende sekondari. Hiyo haina nusu sekunde. Hiyo ina miezi mitatu ya kutolala.

Yuko pia Mmarekani, Robert Sapolsky, aliyechunguza nyani hapa hapa Kenya kwa miaka mingi, na ambaye mwaka 2023 alitoa kitabu kizima cha kusema hiari haipo kabisa. Katika ile hiari ya kwanza, ya duara yenye pembe, nakubaliana naye. Ila naona ameizika maiti moja akatoka na jeneza mbili.

Kwani sisi tunapotumia neno hiari, tunauliza nini? Tazameni linapofanya kazi. Mtu ametoa talaka huku ameshikiwa panga shingoni. Imepita? Sisi Mashafi tunasema haikupita, amekirihishwa. Mahanafi, wenzetu wa madhehebu nyingine, wanasema imepita. Wanabishana, na ubishi wao unaeleweka. Kadhi hamuulizi mume kuhusu chembe za Laplace. Anauliza: panga lilikuwepo? Kadhalika kalamu imeinuliwa kwa watatu: aliyelala hata aamke, mtoto hata abaleghe, mwenda wazimu hata apate akili. Watatu hao wana nini kwa pamoja? Wote wana sababu nyuma ya matendo yao, kama sisi. Walichokosa ni kusikia neno likawageuza.

Na ni jambo la vipimo, lina zaidi na pungufu. Hapa Kenya sheria ilikuwa inasema mtoto akifika miaka 8 anaweza kubeba kosa la jinai. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikapandisha mpaka 12. Sasa niambieni, watoto wote wa miaka 10 walipoteza hiari yao kwa siku moja? Hapana. Tuliona tumechora mstari mahali pabaya, tukausogeza. Kitu kinachoweza kuchorewa mstari vibaya ni kitu kilichopo.

Lugha yetu ina neno moja lenye kazi tatu. Chombo hubisha. Mtu hubisha. Mgeni hubisha hodi. Anzeni na chombo. Wakati wa kaskazi ukitaka kwenda Kiwayu, upepo unakupiga usoni. Unabisha: unakwenda pembe huku, unahamisha foromali, ule mti unaobeba tanga, upande wa pili wa mlingoti, mabaharia wanahamia joshini, upande wa upepo, unakwenda pembe kule, mpaka unafika. Mashua haina upepo wake yenyewe. Kifuu cha nazi kikielea pale mkondo wa Mkanda kinapigwa na upepo uleule. Kifuu kinarudi Lamu, mashua inafika Kiwayu. Atakayeniambia hapana tofauti kati yao kwa sababu vyote vinasukumwa na kaskazi, huyo sitampa usukani.

Ninyamaze na la mlango, kisha niwaachie maswali.

Mwingereza John Locke, karne ya 17, alitoa mfano huu. Mtu amebebwa akiwa usingizini, akatiwa chumbani pamoja na rafiki aliyekuwa akitamani sana kumwona. Mlango umefungwa kwa nje. Anaamka, anafurahi, anakaa, wanazungumza. Anakaa kwa kupenda kwake, wala hajui kwamba hata angetaka kutoka asingeweza. Nimeufundisha mfano huu miaka mingi kwa wanafunzi waliokuwa wakisinzia. Sikuuelewa mpaka nilipouona wa pili.

Miaka mingi iliyopita kulikuwa na kijana mtaani kwetu, sitamtaja, alikuwa ameingia kwenye unga. Teja, kama mnavyowaita. Alikuwa mwanafunzi wangu, na hesabu alikuwa anazijua. Nanyi mnaujua utenzi wa Inkishafi. Mshairi anauhutubia moyo wake mwenyewe, anaukemea, anauuliza mbona hauzinduki, eti tuseme ni mwelevu wa kukhitari. Kukhitari, hilo ni neno letu la usiku huu. Tangu shuleni nikijiuliza: anayekemea ni nani, na anayekemewa ni nani? Kijana yule angeweza kunijibu. Alitaka unga. Na alitaka asiutake. Mmarekani Harry Frankfurt aliliandika hilo mwaka 1971, na mfano wake ulikuwa mteja wa dawa za kulevya. Lakini kijana hakuwa amemsoma Frankfurt.

Siku moja alimwendea dada yake mkubwa, akampa ufunguo na komeo la chumba cha ndani. Akamwambia, "Nifungie. Nikibisha usifungue." Nawaona wauguzi wananitazama kwa jicho kali, na wana haki. Kumfungia mtu si tiba, anaweza kudhurika, na siku hizi kuna dawa na kuna wataalamu. Nasimulia lililotokea wakati ambapo hapakuwa na pa kumpeleka.

Akafungiwa. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili alibisha. Usiku wake alibisha mpaka majirani wakatoka. Alilia, akatukana, akalitaja jina la marehemu mama yao. Dada akakaa nje ya mlango, mgongo ameuegemeza kwenye mbao, ufunguo ameufunga pembeni mwa leso. Hakufungua.

Tazameni: mtu wa Locke mlango umefungwa naye yuko pale kwa hiari, bila kujua. Kijana wetu mlango umefungwa kwa hiari yake, naye anaupiga kwa mikono miwili. Mtu ni mmoja, siku mbili mbali. Ni yupi aliyekuwa yeye?

Miaka baadaye nilimuuliza yule dada. Nikamwambia, sauti zote mbili ni za nduguyo, ulijuaje ya kuitii ni ipi? Alikuwa akichambua mchele, hata kichwa hakuinua.

"Maalim," akasema, "yule aliyenipa ufunguo nilibishana naye. Nilimwambia utaumia, akanijibu. Nilimwambia watu watasema, akanijibu. Huyu wa mlangoni, kila nililomwambia, jibu lake lilikuwa moja: fungua."